Paka wa mtaa: maliza kundi moja kwanza

Mtaa wenye soko la samaki, uwe Lamu au Mji Mkongwe, hauwezi kupunguza paka kwa kuhasi wawili hapa na watatu kule. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne, huibeba kwa takriban siku 63, na huweza kushika nyingine ilhali bado ananyonyesha. Ukiacha majike wawili katika kundi bila kuwahasi, kundi lote litajaa upya. Kuwatilia sumu ni ukatili mtupu, na wala hakusaidii: mabaki yale yale yatavuta paka wengine.

Anza na wanaowalisha: muuza samaki, mama lishe, bibi wa nyumba ya pembeni. Waombe walishe mahali pamoja, saa ile ile, kwa wiki mbili hivi. Hapo utawahesabu, utawapiga picha na kujua nani ana mimba au chuchu zilizovutwa. Panga nafasi ya kuwahasi kwa daktari wa mifugo kabla hujawatega.

Siku ya kuamkia kutega, chakula kisimame kabisa, maji yabaki. Hapa ndipo wengi wanapokwama: jirani mmoja akitupa vichwa vya samaki usiku, asubuhi mitego inabaki mitupu. Pitia nyumba zote.

Tandika gazeti ndani ya mtego ili miguu isiguse waya, weka dagaa nyuma kabisa, ng'ambo ya kibao kinachofyatua mlango. Mlango ukianguka, funika mtego wote kwa kanga. Gizani paka hutulia. Usiuache juani, na usimtoe paka kwa mkono. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Mweleze daktari mambo matatu: ashone kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, kwa kuwa paka huyu hatarudi kutolewa nyuzi, akate ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja, akiwa bado kwenye nusu kaputi, iwe alama kwamba amehasiwa, na achanje kichaa cha mbwa papo hapo. Watoto wa paka wafikishe kilo moja kwanza, na wasishindishwe njaa usiku kucha kama wakubwa, maana sukari yao hushuka upesi.

Dume hurudi kesho yake, jike baada ya siku moja au mbili. Anayenyonyesha asicheleweshwe: akishaamka vizuri na kula, arudi kwa wanawe. Wote warudishwe pale pale walipotegwa.

Nafasi zikiwa chache, tanguliza majike. Dume aliyehasiwa huweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tumbo likionekana mwezi unaofuata usidhani upasuaji umeshindwa.

Halafu mkabidhi mlishaji ulinzi: paka mwenye masikio yote mazima akitokea kwenye sahani, ategwe wiki hiyo hiyo.