Tungempigia wakili usiku ule
Jamani juzi kijana wa dadangu, miaka 16, alishikwa na polisi pamoja na wenzake hapo karibu na steji, ati simu ya mtu imepotea. Mimi ndio nilisema tungoje asubuhi, wakili ni pesa bana. Kufika kituoni saa tatu nakuta mtoto ashaandikisha stetimenti peke yake, vidole bado vina wino, na amelala selo moja na watu wazima na Katiba ya Kenya kifungu cha 53 inasema mtoto atengwe nao. Wakili kuingia tu akaitisha namba ya OB (kile kitabu cha matukio pale kituoni), akauliza mzazi alikuwa wapi mtoto akiandika, akawakumbusha yale masaa 24 ya kufikishwa kortini. Jioni akatoka kwa bondi. Dadangu mpaka leo haniongeleshi.