Dada wa Uani

Kwa muda wote niliomjua, babu yangu mzaa baba alikuwa Mwarabu. Dada yake, wa baba mmoja mama mmoja, hakuwa Mwarabu. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hatukuona ajabu, maana kila mtu alikuwa na mahali pake: Babu barazani, kanzu imepigwa pasi na kofia ya viua kichwani, na huyo dada yake, ambaye sisi tulimwita Bibi, uani. Wageni wa Babu wakiwapo, Bibi hakupita ukumbini. Ikimlazimu kupita, labda kafuata dawa zake chumbani, Babu alisema bila kugeuza shingo, "Huyo bibi wa humu ndani, katulelea watoto." Mgeni akaelewa kuwa ni yaya.

Jina la ukoo alilolibeba Babu ni la kabila moja la Oman lenye watu wengi mwambao mzima. Sitaliandika, kwa kuwa wenyewe wapo na hawakutukosea.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ya posa ya mdogo wangu, binti wa ami yangu, Juni 2015. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa Shaaban unaishia, mji mzima uko kwenye vunjajungu. Watu wa pwani hupenda kumaliza maneno kabla ya Ramadhani ili Mfunguo Mosi harusi ifungwe bila mashaka. Waliokuja kuposa walikuwa Washihiri, watu wenye asili ya Hadhramaut, wenye maduka na jina zuri mjini. Babu alikuwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo. "Hawa kufu yetu," alirudia tangu alfajiri, yaani watu wa kulingana nasi kwa nasaba, na akaagiza kwamba mabibi wote wabaki nyuma. Mabibi wote maana yake bibi mmoja.

Huko nyuma tulikuwa tukipika. Bokoboko limeshasongwa, mkate wa kumimina uko mkaani, shangazi zangu wanakunja sambusa. Binamu yetu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, ambaye kazi yake jikoni ilikuwa kuonja, akatoa simu akasema, "Mmemsikia yule mama wa Marekani?"

Alikuwa Rachel Dolezal. Alikuwa kiongozi wa tawi la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington. Kwa miaka alijitambulisha kuwa mweusi, ngozi kaikoleza, nywele kazibadilisha. Wiki ile wazazi wake walijitokeza hadharani wakasema: huyu binti yetu, na sisi wazungu. Kulikuwa na video. Mwandishi wa televisheni anamwonyesha picha ya mzee mmoja mweusi, anamuuliza kama huyo ni baba yake. Anasema ndiyo, baba yangu. Anaulizwa kama wazazi wake ni wazungu. Anaacha mahojiano, anaondoka.

Binamu alituchezesha ile video mara mbili. Bibi hakuwa na miwani, akataka asimuliwe.

"Kwani huko weusi wanapewa nini?"

"Hawapewi kitu, Bibi. Yeye ndiye alikuwa na cheo cha kuwasemea."

"Na uzungu wake kauweka wapi?"

"Si uko pale pale."

"Basi akichoka atauchukua," akasema, akaendelea kuchambua iliki.

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Shangazi mkubwa akainuka kwenda kutazama mkate ambao haukuhitaji kutazamwa. Kila mmoja wetu alijua mazungumzo yamefika karibu na mlango wa nani.

Bibi hakuwahi kunificha habari hizo. Baba yao alikuwa mzalia wa Pangani, aliyezaliwa utumwani kwenye shamba la miwa la Mwarabu kandokando ya mto. Wajerumani walitawala mpaka wakaondoka, utumwa wakauacha. Kisheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Baba yao akatoka Pangani, akaja Tanga kupakia mkonge bandarini, akaoa mzalia mwenzake, wakazaliwa hao wawili, Bibi kwanza. Vikaja Vita vya Pili vya Dunia, chakula kikawa haba, serikali ikagawa kwa rangi. Habari za Zanzibar na Dar es Salaam zimeandikwa sana: mchele kwa Mhindi na Mwarabu, mahindi kwa Mwafrika. Bibi aliyakumbuka ya hapa Tanga kwa foleni na kwa unga wa njano ambao hakuna aliyejua kuupika. Babu wakati huo alikuwa mtoto wa kutumwa katika duka la Mwarabu mmoja, na Mwarabu yule, kwa huruma au kwa kutaka mgawo mkubwa zaidi, akamwandikisha kama mtoto wa nyumba yake. Jina lilianzia hapo. Hakulibuni yeye.

Na weusi wake haukuwa ushahidi wa lolote. Pwani hii wapo Waarabu weusi kuliko mimi; mtoto wa suria katika sheria ya dini ni huru na hufuata nasaba ya baba yake, na wana wengi wa masultani wa Zanzibar walizaliwa na masuria. Kwa hiyo dai la Babu lilikuwa na pa kusimama. Wala hakuwa peke yake. Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, waliojiita Waswahili walipungua mno na Washirazi wakaongezeka, na hakuna meli iliyoshusha watu kutoka Uajemi miaka hiyo. Serikali ikishagawa watu mafungu, kila fungu na sahani yake, watu watasogea kwenye sahani yenye kitu. Sioni wa kumlaumu mtoto wa miaka kumi na ushee kwa hilo.

Wageni walifika baada ya Alasiri. Wanaume walikaa ukumbini, mshenga katikati, pamoja na maalim mmoja wa upande wao na mzee wao mmoja mkongwe sana, aliyeingia kwa kushikwa mkono. Mimi nilikuwa wa kupeleka sinia hadi mlangoni, kwa hiyo nilisikia. Barua ilisomwa, sifa zikatolewa, maalim akagusia suala la kufu kwa adabu zote: kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii nasaba huangaliwa, lakini ni haki ya binti na walii wake, wakiridhia hakuna neno. Alisema vile kutupunguzia mzigo, naamini. Babu akaelewa kinyume. Akaanza kupanda: fulani bin fulani bin fulani, hadi Oman, hadi mji, hadi mtaa.

Yule mkongwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Na dada yako yu hai? Aliyekuwa akiuza vitumbua zamani. Tumekula sana vitumbua vyake tulipokuwa vijana. Ningependa kumsalimia."

"Dada?" Babu akasema. "Umenichanganya na watu, mzee wangu. Mimi sina dada."

Dirisha la ukumbi linatazama uani. Lina nondo, halina kioo. Bibi alikuwa chini yake, kwenye kigoda, dele la kahawa liko mbele yake juu ya makaa. Sikumwona akikasirika. Alinawa mikono, akajifunga leso upya, akachukua dele mwenyewe, akaniambia nimfuate na vikombe. Aliingia, akawasalimu wageni mmoja mmoja, akampa yule mkongwe mkono kwa mkono wa leso, kama ada. Kisha akamgeukia Babu.

"Mdogo wangu, wageni hawajapewa kahawa."

Babu akatazama mkeka. Yule mkongwe alifurahi kabisa, akauliza habari za vitumbua, akauliza kama baba yao alipatiwa kaburi hapa Tanga au alirudishwa Pangani. Walijua. Walijua tangu siku ya kwanza, na nina hakika nusu ya Ngamiani ilijua, maana mji wenyewe huu kila mtu anamjua aliyemzaa mwenziwe. Mshenga, ambaye kazi yake ni kutokuacha kimya kikae, akasema, "Mzee, sisi tumekuja Ngamiani, hatukwenda Maskati," watu wakacheka, kahawa ikanywewa, siku ya kishika uchumba ikapangwa.

Vurugu ilikuja usiku. Ami yangu, baba wa binti, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alimsomea baba yake aya ya tano ya Suratul Ahzab, inayoamuru watu waitwe kwa baba zao. Akaongeza hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba anayejinasibisha na asiye baba yake hali anajua, Pepo ni haramu kwake. Binamu wa simu naye akadakia, "Basi hata yule mama wa Marekani kaingia humo humo, kamchukua mzee wa watu kamfanya babake."

"Usinifananishe na mzungu!" Babu akaruka. Na kwa kweli alikuwa na haki ya kuruka. Akamgeukia dada yake. "Wewe wasemaje? Mchele ule nani alikuwa akikuletea? Usiku, kwenye shati? Hukula?"

"Nilikula," Bibi akasema. "Nakushukuru mpaka leo."

"Basi!"

"Lakini leo mchele uko Mgandini sokoni, hata mimi nauziwa. Unanikana ili upate nini?"

Hakujibu. Aliingia chumbani, na vunjajungu ya mwaka ule tuliila bila yeye.

Kesho yake Rachel Dolezal alijiuzulu. Niliendelea kumfuatilia kwa udadisi ambao nadhani haukumhusu yeye. Nikasoma kwamba mwaka 2002, baada ya masomo yake Howard, chuo kikuu cha jadi cha watu weusi kule Washington, D.C., alikishtaki chuo hicho akidai kabaguliwa kwa kuwa ni mzungu, kesi ikatupwa. Nilipofika hapo nikakumbuka sanduku la Bibi, ambamo alihifadhi kadi ya TANU ya Babu, ya kabla ya uhuru. Enzi hizo chama kiliandikisha Waafrika peke yao. Wengine walifunguliwa mlango 1963. Na Januari 1964, habari za mapinduzi ya Unguja zilipovuka bahari, Babu, kwa maelezo ya Bibi, alikiweka kilemba kabatini hadi mambo yakapoa. Kwenda na kurudi wamefanana. Pale pa kuanzia hawakufanana hata kidogo: mmoja alitoka kwenye njaa, mwingine alitoka kwenye watu ambao mlango wa kurudi kwao haukuwahi kufungwa.

Lakini aliyenisumbua zaidi ni mtu wa tatu. Jesse Routté alikuwa mchungaji wa Kilutheri, Mmarekani mweusi wa New York. Mwaka 1947 alikwenda Mobile, Alabama, katikati ya ubaguzi, amevaa kilemba na joho, na kwenye hoteli na migahawa ambako mweusi wa kwao hakuingia, yeye alihudumiwa kwa heshima kama mgeni wa kutoka mbali. Kisha akarudi nyumbani, akakivua, akawaeleza waandishi wa habari kila kitu, ili watu waone upuuzi wenyewe. Nikajiuliza Babu angekivua lini. Angeweza 1945. Angeweza 1961, bendera ilipopanda. Baada ya Azimio la Arusha, uarabu haukumletea ratili moja ya sukari. Alichobaki nacho ni heshima ya barazani, na kodi ya heshima hiyo ilikuwa ikilipwa na mtu mmoja tu, aliyekaa kwenye kigoda chini ya dirisha. Watu huwa wanahangaika kupima uongo wa namna hii kwa rangi ya ngozi, kwa nywele, kwa damu asilimia ngapi. Mimi nikisikia mwingine sasa, na wapo wengi, hata mwanahistoria Jessica Krug aliyekiri 2020 kwamba miaka yote alijifanya mweusi, nauliza kwanza nani kawekwa uani ili hadithi isimame. Kwa Dolezal walikuwa baba na mama yake, tena wazima. Yawezekana walikuwa wazazi wagumu, mengi yalisemwa. Bado picha ile ilikuwa ya mzee mwingine.

Ndoa ilifungwa Mfunguo Mosi, msikitini, baada ya Isha. Bibi hakuwapo, wanawake walikuwa nyumbani; haya niliambiwa na binamu. Ami, ambaye ndiye walii, alipoulizwa jina alijitaja yeye, bin Babu, bin mzalia wa Pangani, akakoma hapo, bila nisba, lile jina la ukoo. Sheikh akaandika. Ilipofika zamu ya mashahidi kutia sahihi, Babu alisogea, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote na la Oman mwishoni, kwa hati nzuri aliyofundishwa dukani.

Sheikh akatazama karatasi. "Mzee, hapa mwanao kasema hivi, na wewe umeandika vile. Baba na mwana. Nikubali lipi?"

"Hilo ndilo lililo kwenye pasipoti yangu," Babu akasema.

"Naelewa. Lakini hii ni ndoa."

Ami hakusema neno. Babu alirudisha kalamu, akasema kwa umri wake hajifunzi kuandika jina jipya. Cheti kile kikachanwa, kikajazwa kingine, na shahidi wa pili akawa muuza baiskeli wa jirani yetu, ambaye alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.