Mkweche wa mzee na mgogoro wa rangi

Leo Jumamosi nimeenda Mbuyuni kununua pumba na mahindi ya kuku, safari ya dakika kumi tu, nimerudi saa nane mchana. Sio foleni, Moshi foleni gani bwana. Ni watu. Natoka dukani na kiroba begani nakuta vijana wawili wa bodaboda wamekaa kwenye bampa ya nyuma ya pikapu wanapigana picha, hawajashtuka wala nini, mmoja ananiambia "mangi, hii chuma usije ukaiuza", nikamwambia siuzi, akasema "na rangi usipige". Nikacheka peke yangu, maana hiyo rangi ndio mgogoro mkubwa wa nyumba yetu toka Krismasi.

Kwa ambao hamjaiona, ni Hilux singo kebini ya 1985, ya marehemu mzee, aliinunua mtumba mwaka 1991. Injini ni ile inayoitwa 2L, dizeli ya lita 2.4 isiyo na kompyuta hata ya kusingiziwa. Siti moja ndefu ya watu watatu, handibreki ya kuvuta kutoka chini ya dashibodi kama mtu anafunga mwavuli, na asubuhi ya baridi unawasha hita kwanza unasubiri taa izime ndio upige stata, ukiwa na haraka utasukuma. Eti jina Hilux limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, juu na anasa. Anasa! Mimi mgongo wangu unaijua hiyo anasa, hasa ile barabara ya kupanda Kibosho ukiwa huna mzigo nyuma, springi zinakurusha kama zinakudai.

Sasa rangi. Ilikuwa nyekundu. Siku hizi sijui niiiteje, boneti imekuwa ya pinki kama fizi za mtoto, na ukipitisha kiganja kinatoka na unga mwekundu (mashati yangu yote ya kazi za shamba yana hiyo alama kiunoni, ukiona mtu ana bega au kiuno chekundu jua kapita nyumbani kwetu). Juu ya kebini kuna mabaka ya kutu ya kahawia, ubavu wa kushoto kuna bonde aliloliacha ng'ombe wa watu kule Himo, na zile herufi za TOYOTA mlango wa nyuma zimebaki na rangi kwenye Y tu.

Na hii ndio gari inayopigiwa picha. Desemba si mnaijua Moshi, wenye mji wanarudi, Prado na V8 mpaka unashindwa kuvuka barabara pale Double Road, zote zimeoshwa zinang'aa. Sijaona mtu anasimama kuziangalia. Labda mtu anauliza bei, basi. Lakini mkweche wa mzee ukisimama mahali lazima atokee mtu na historia yake. Mama mmoja pale soko la kati aliniambia vyombo vyake vya harusi vilikuja na pikapu kama hii, na kabati la vioo halikupasuka hata kioo kimoja toka Marangu, akanionesha kwa mkono kabati lilivyofungwa. Mwalimu mstaafu yeye alifungua mlango bila kuniomba, akanyonga kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele, akafunga, akasema "ahaa, bado kinafanya kazi", akaondoka. Hata jina hakuniuliza.

Nafikiri ni hivyo, yani gari mpya ina mwenyewe, ukiigusa inapiga kelele. Hii imechakaa kiasi kwamba kila mtu anaona ana haki ya kuishika. Na mtu akishashika anaanza kukumbuka.

Oktoba 2024 nilienda na binamu Arusha kwenye ule mkusanyiko wa Landrover, nikaona kitu kilekile. Zile zilizopigwa rangi mpya watu wanapita wanasema nzuri. Walipokuwa wanajaa ni kwenye 109, zile Landrover ndefu za zamani, zilizochoka, zenye mikunjo na mikwaruzo. Landrover zenyewe zina sababu ya kuzeeka hivyo, zilipoanza mwaka 1948 Uingereza chuma kilikuwa cha shida baada ya vita wakatumia bati za aluminiamu, kwahiyo bodi haili kutu kama ya Toyota, inabonyea tu na kubaki na kumbukumbu ya kila ng'ombe na kila mti. Chasisi ndio chuma, na ndio inayowaliza wenye nazo.

Wamarekani wameenda mbali zaidi, nilikesha usiku mmoja naangalia video zao mpaka bando likaisha. Wana Chevrolet 3100, zile pikapu za 1947 mpaka 1955 zenye mabega ya mviringo, wanazitoa porini na kutu yake, injini wanaweka mpya, breki mpya, ila ile rangi iliyoliwa na jua hawaigusi. Hiyo hali wanaiita patina. Inaoshwa kwa upole, inapakwa mafuta au kliya (ile vanishi ya juu isiyo na rangi) isiyong'aa ili kutu isiendelee kula. Na wengine, sitanii, wana gari yenye bodi safi halafu wanamlipa fundi apake rangi ifanane na kutu. Nilimwonesha fundi rangi wangu kule Pasua, akaangalia mara mbili, akanirudishia simu, akasema "hawa wamemaliza shida zote".

Huyo fundi lakini ndiye aliyenielewesha kwanini pikapu imezeeka vizuri. Rangi za zamani zilikuwa rangi yenyewe mpaka juu, hamna kliya. Jua likipiga miaka inageuka unga taratibu, inapauka, unaweza hata kuisugua na kompaundi ikarudi kidogo. Gari za sasa rangi ipo chini na kliya juu, kliya ikichoka inabanduka vipande vipande, nendeni mkaangalie Ist na Vitz zetu hapo nje, juu ya kebini na boneti kama mtu aliyebabuka na maji ya moto. Hakuna mtu anapigia picha hiyo. Na bahati nyingine ni kwamba tuko huku, hii pikapu ingekaa Tanga au Dar na ile chumvi ya bahari ingeshakuwa nyavu. Kutu yake nyingi ni ya juujuu. Inayonitisha ni ya chini ya kapeti upande wa dereva na kule kwenye chasisi karibu na springi za nyuma, hiyo haina uzuri wowote, hiyo nimeshachomelea na nitachomelea tena.

Basi nikamwambia fundi nataka tu anipakie kliya isiyong'aa juu ya hivyo ilivyo. Kimya. Alaf akauliza, "kaka, yani unanilipa nisipige rangi?" Nikasema ndio. Akasema atanipa jibu, mpaka leo hajanipa.

Hapa niseme jambo ambalo linanikera mwenyewe. Jirani yangu ana pikapu nyingine kuukuu, anabebea majani ya ng'ombe na mchanga, ndio ugali wake. Yake haipigiwi picha. Yake inasimamishwa na trafiki, inaangaliwa tairi, taa, stika, na mara nyingine anarudi na faini. Juzi aliniambia bila hasira kabisa, "kwako wanaita vinteji, kwangu wanaita gari bovu". Sikuwa na la kujibu maana ni kweli, mimi Jumatatu naenda kazini na Ist, pikapu ni ya Jumamosi na kuku. Kupenda kutu ni rahisi ukiwa na gari nyingine inayowaka.

Sasa mgogoro. Kaka yangu alikuja Krismasi kutoka Dar, akaizunguka pikapu, akasema anatoa hela, inyooshwe, ipigwe puti, ipakwe nyekundu ileile. Nikakataa, nikatoa hotuba nzima, nikasema rangi halisi ya kiwandani ikishatoka hairudi, nikasema huo mlango wa kulia una jina la mzee na S.L.P. na uzito wa gari, alivyoandika yule fundi wa mabango kwa brashi, na kweli herufi zenyewe zimefutika lakini pale zilipokuwa nyekundu imebaki imekolea, kwahiyo asubuhi jua likija kwa upande unasoma kivuli cha jina. Nikasema hicho utakipata wapi tena. Kaka akaanza kulegea, nikajua nimeshinda.

Mama alikuwa anachambua mchele pale barazani. Akasema, "rangi ya kiwandani ipi? Hiyo gari ilikuja nyeupe."

Tukanyamaza wote. Kumbe mzee aliipeleka kupigwa nyekundu 1997, kabla ya harusi ya dada, kwa sababu alikuwa anaona aibu kwenda kwenye harusi ya binti yake na gari yenye mabaka. Nilikuwa mdogo sikumbuki. Siku ya pili nikapanda juu na ngazi nikaangalia lile baka la kutu kwa karibu, na ukweli ukingoni kuna pete, nyekundu imeisha, inafuata nyeupe nyembamba kama ukucha, alaf kijivu cha praima, alaf chuma. Miaka yote hiyo nawaambia watu ni rangi ya Japani.

Na mama hayuko upande wangu. Yeye anasema watu wanapita hapo nje wanaona pikapu ya marehemu inaoza wanasema watoto wameshindwa hata kununua rangi. Nikamwambia mama watu wanaipenda, wanaipiga picha. Akasema wanapiga picha ili wakacheke. Nikamwambia na mzee angeipenda hivi. Akaniangalia tu. "Baba yako alikuwa anaosha hata tairi."

Leo niliporudi nikamsimulia ya vijana wa bodaboda, nilidhani itasaidia. Akauliza walikaa kwenye bampa na viatu? Alaf akaniambia nikishusha mahindi niipeleke nyuma ya banda, kuna wageni wa jumuiya saa kumi, na kesho kanisani tunaenda na Ist.