Orodha ya mpwa wangu, Kariakoo

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita mwaka 2022, mama yake alimtengea 1,400,000 ya kuanzisha studio chumbani. Akaja kwangu na orodha: mikisa ya chaneli nane, maiki kubwa ya kondensa, spika za inchi nane, kinanda chenye pedi za taa. Laptop aliiandika mwisho kabisa, "yoyote, bora i7". Kabla hatujapanda daladala kwenda Kariakoo nilimuuliza: unatengeneza biti tupu, au utaingiza na sauti yako?

"Vyote, mjomba. Singeli kwanza."

Jibu hilo ndilo lililopanga manunuzi ya siku ile. Wa biti tupu anatosheka na laptop na hedifoni nzuri. Anayeimba anahitaji pia kadi ya sauti, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, pamoja na maiki yenyewe, na toleo la programu linalokubali kurekodi. Yeye alishaamua FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwa kuwa wenzake wote mtaani wanaitumia na faili wanabadilishana. Sikubishana, kujifunza kwenye programu ambayo jirani anaijua ni faida kubwa. Nilimtahadharisha tu kwamba toleo lake la chini, Fruity, wakati ule lilikuwa halirekodi maiki, hivyo leseni ya kulenga ni Producer. Ukishainunua, matoleo mapya unayapata bure maisha yote. Reaper, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ilistahili kutajwa: leseni ya dola 60 na siku 60 za kujaribu bila kizuizi. Inarekodi vizuri sana, lakini inakuja karibu bila ala, na mtengeneza singeli asiye na ala ataishia kuzurura mtandaoni akitafuta plagini, yaani programu ndogo za ala na za kurembesha sauti.

Dukani tuliwekewa laptop mbili za mtumba. Mpwa akaishika yenye stika ya i7. Nikamwonyesha namba inayofuata: i7-6600U, kizazi cha sita, viini viwili (viini ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja). Ya pili ilikuwa i5-8250U, kizazi cha nane, viini vinne. FL hugawa kazi ya chaneli za miksi kwa viini, kwa hiyo i5 ile ingebeba plagini nyingi zaidi. Zote zilikuwa na RAM ya GB 8, ila ya i7 ilikuwa bado na diski ya kuzunguka, na maktaba za sampo hufunguka taratibu mno kwenye diski hizo.

Kwenye flashi nilikuwa na toleo la majaribio la FL. Tukafungua mradi wa mfano uliojaa ala, bafa, yaani kiasi cha sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa, tukaiweka 256, tukaacha upige. Ukaenda safi. Nikachomoa chaja. Sauti ikaanza kukwaruza na kukatika.

"Hiyo mbovu," mpwa akasema.

Muuza duka akakunja uso. Lakini laptop haikuwa mbovu. Windows, ikiona imebaki na betri, hushusha mwendo wa prosesa ili kuokoa umeme. Tukaingia kwenye mipangilio ya nguvu, tukachagua utendaji wa juu, na mkwaruzo ukaisha. Nikaandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, nikalinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa siku ile. Ilikuwa imebakiza zaidi ya robo tatu. Tukaichukua kwa 720,000.

Betri niliisisitiza kwa sababu ya nyumba zetu. Soketi nyingi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi, na chaja ya laptop huingiza mngurumo kwenye rekodi kupitia kadi ya sauti. Dawa ya haraka ni kurekodi chaja ikiwa nje. Betri ikiwa imechoka, dawa hiyo huna.

Mikisa tuliiacha rafuni. Ilikuwa na USB, bluetooth na mwangwi wa kila aina, lakini mikisa nyingi za bei ile hupeleka kwenye kompyuta mchanganyiko wa mwisho tu, chaneli mbili, kushoto na kulia. Maiki na kinanda vikishachanganyika humo huwezi tena kuvitenganisha. Kwa mtu mmoja anayeimba na maiki moja, kadi ndogo ya sauti inatosha. Tulipata Focusrite Scarlett Solo iliyotumika kwa 260,000. Ina draiva yake ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, jambo muhimu kwa singeli na kasi yake. Piga hesabu: kwa mapigo 240 kwa dakika, robo moja ya noti ni milisekunde 250, na kipande cha kumi na sita ni 62.5. Bafa ya 1024 kwa 44,100 Hz peke yake inachelewesha sauti milisekunde 23, zaidi ya theluthi ya kipande hicho. Bafa ya 128 ni karibu 3. Ubaya wa kadi iliyotumika ni kwamba misimbo ya programu za bure zinazokuja nayo, Ableton Live Lite ikiwemo, mara nyingi mmiliki wa kwanza alishaitumia.

Kwenye maiki ndipo tulipokaa muda mrefu. Muuzaji alimsifia kondensa iliyokuja na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la laptop. Maiki za namna hiyo zinataka volti 48, na tundu lile linatoa chache mno. Ndiyo maana sauti yake hutoka hafifu yenye mvumo kama mafuta ya kukaangia. Kadi ya Solo ingeipa volti hizo, sawa, lakini chumba cha mpwa kina bati juu, kuta tupu na jirani mwenye cherehani. Kondensa ingevichukua vyote. Tukachukua maiki ya dainamiki, isiyonasa sana sauti za mbali, 90,000. Hii unaisogelea, vidole vinne kutoka mdomoni, gain (kiwango cha sauti inayoingia) unaipandisha hadi kilele cha sauti kigote karibu -12 dB, usizidi.

Hedifoni za bluetooth nilizikataa bila mjadala. Ucheleweshaji wake hauvumiliki unaporekodi. Zenye "extra bass" nazo nilizikataa. Masikio yakidanganywa kwamba besi ni nzito, utaipunguza, na wimbo ukipigwa kwenye sabufa ya sebuleni unatoka mwembamba. Tulichukua za studio zilizofunikwa pande zote, za waya, 210,000, ili mdundo usivuje kuingia kwenye maiki.

Spika zikasubiri. Inchi nane kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, besi inajaa kwenye kona na hujui unachosikia. Miksi angeikagua kwenye sabufa ya mama yake na kwenye simu. Kukiacha kinanda ndiko kulikomuuma, maana alikuwa ameshakibonyeza dukani na kushangaa kimya: kinanda cha MIDI hakina sauti yake, kinatuma maagizo tu. Nikamwonyesha kwamba ndani ya FL herufi za laptop hupiga noti kama kinanda, Z hadi M oktava moja, Q na kuendelea ya juu yake. Upungufu ni kwamba noti zote zinatoka na nguvu moja, unazirekebisha mwenyewe kwenye piano roll, dirisha la kuhariri noti, na baadhi ya laptop hazisomi vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja.

Tukaongeza waya wa XLR wa kuunganisha maiki na kadi, stendi na kichujio cha pumzi, 55,000, maana hivi havimo kwenye boksi la maiki.

Jioni tuliweka draiva kwanza, ndipo tukachomeka kadi. Leseni ingesubiri. Toleo la majaribio linahifadhi mradi lakini halikubali kuufungua tena hadi ulipie, kwa hiyo kila usiku alitakiwa kutoa chaneli zake zote kama WAV kabla ya kuzima. Programu za kuchakachua, zile marafiki zake walizomletea kwenye flashi, nilizifuta zote, naye akanuna hadi chakula cha usiku.

Kati ya 65,000 zilizobaki alinunua ekstensheni yenye fyuzi. Nyingine akaziweka za kinanda.