Jioni niliyosimama Petersburg

Juzi yule wangu mkubwa alikuwa anajisomea sebuleni, si mnajua pepa za mwisho ziko mlangoni, mara akaniuliza bila hata kuinua kichwa: mama, sababu za Vita ya Kwanza ya Dunia ni sita au saba? Maana notsi zake zina sita, za mwenzake zina saba, na hataki kupoteza maksi kwa ajili ya hiyo moja. Nikamwambia andika zile unazoweza kuzieleza. Akaridhika, akaendelea kusoma. Mimi ndiyo nikashindwa kuendelea na nilichokuwa nafanya, akili ikanirudisha moja kwa moja ukumbini, kwenye rivisheni za yule mwalimu wetu wa historia.

Rivisheni zenyewe mnazijua zilivyo. Mikondo yote inakusanywa sehemu moja baada ya vipindi, watu wamechoka, mwalimu anaingia na pasti pepa mkononi, swali linasomwa, utangulizi, hoja sita, hitimisho, haya swali lingine. Jioni moja tunamaliza Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, jioni nyingine Mapinduzi ya Urusi ya 1917, nyingine Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza 1929, yaani mbio tu. Na sisemi kwamba ni vibaya. Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake, hoja ikijificha katikati ya maelezo marefu anaipita, kwa hiyo mwanafunzi anayejua kuipanga hoja yake ikaonekana anafanya jambo la maana kabisa. Tulifundishwa hivyo na tuliiva hivyo. Ukiniamsha usiku wa manane nilikuwa nakutajia: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa uliopita kiasi, kukosekana kwa chombo cha kusuluhisha mataifa, na mauaji ya Sarajevo.

Sasa jioni ya vita yenyewe mwalimu aliingia bila pasti pepa. Akafuta ubao wote, akachora mstari mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo, kushoto akaandika 28 Juni 1914, kulia kabisa akaandika 4 Agosti 1914. Akageuka akasema, jamani, kati ya hapa na hapa kuna wiki tano na siku chache, leo tutazikaa zote. Kisha akaita watu sita mbele, akagawa karatasi. Kila mmoja akawa mji mkuu wa nchi yake: mmoja akawa Vienna wa Austria-Hungaria, mmoja Belgrade wa Serbia, mmoja Berlin, mmoja Paris, mmoja London. Mimi nikapewa Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo.

Kwenye karatasi yangu kulikuwa na mambo machache sana, na hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Hapakuwa na hoja wala sababu, ni kile tu ambacho mji huo ulikuwa unakijua siku hiyo. Mwalimu akatuonya, ole wake atakayetaja jambo la mbele ya tarehe yake. Wewe hujui kama kuna Vita ya Kwanza ya Dunia, unajua kuna tatizo kwenye Balkani na jua linakaribia kuzama.

Tukaanza. Tarehe 28 Juni, Sarajevo, kijana wa miaka 19 anaitwa Gavrilo Princip anampiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Vienna anatakiwa aamue, anageuka kwa Berlin, na tarehe 5 Julai Berlin anamwambia nitakuwa nyuma yako kwa lolote. Hapo mwalimu akasimamisha darasa akauliza swali ambalo alilirudia jioni nzima: hapa nani angeweza kusema hapana? Mwanzoni tukacheka cheka, tunajibu kwa pamoja kama tulivyozoea, lakini yeye hakutaka jibu la pamoja, alimwendea Berlin akamtazama hadi akajibu mwenyewe.

Tarehe 23 Julai Vienna akampa Belgrade masharti 10 na saa 48. Belgrade tarehe 25 akakubali karibu yote. London akapendekeza watu wakae mezani, hakuna aliyekuja. Tarehe 28 Vienna akatangaza vita. Na hapa kuna kitu sitakisahau, mwalimu alisema asubuhi ya siku hiyohiyo Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, aliyasoma majibu ya Belgrade na akaandika kwamba sasa hakuna tena sababu ya vita. Asubuhi ya siku hiyohiyo! Ukumbi ukanyamaza. Yule mwenzetu aliyekuwa Berlin akasema, sasa mwalimu si angemwahi Vienna? Mwalimu akasema, ndiyo hilo ninalowauliza nyie.

Halafu akanijia mimi.

Nakumbuka alikuwa na chaki kwenye vidole viwili, ile ndogo kabisa ya mwisho, na mkono wa shati umejaa unga mweupe. Akasimama karibu, akapunguza sauti, akawa ananieleza kana kwamba mle ndani tuko wawili. Leo ni tarehe 29 Julai, mwanangu. Wewe ni Tsar Nicholas wa Pili, mfalme wa Urusi. Wilhelm wa Berlin ni binamu yako, mnaandikiana telegramu kwa Kiingereza, mnaitana kwa majina ya nyumbani. Nchi yako ni pana mno na reli zako chache, jeshi lako likiitwa leo litachukua wiki kadhaa kujikusanya, la mwenzako litamaliza kabla yako. Majenerali wako wanakwambia ukichelewa umekwisha. Binamu yako anakwambia ukiita jeshi lote huwezi kuzuia tena kinachokuja. Unaita au unasubiri?

Nikasema nasubiri.

Akatabasamu akasema sawa, na Tsar naye usiku huo alisubiri, amri ilikuwa imeshatolewa akairudisha. Darasa likapiga makofi, na mimi nilifurahi, siwezi kuwaeleza nilivyofurahi, kama vile nimeokoa kitu. Nikataka kurudi kukaa. Akaniambia subiri, bado hujamaliza. Akasogea hatua moja kwenye ule mstari wake ubaoni, akaandika 30 Julai.

Sasa ni kesho yake alasiri. Sazonov, waziri wako wa mambo ya nje, amekaa mbele yako na haondoki. Anakwambia Vienna ameshaanza kuipiga Belgrade kwa mizinga, jana. Anakwambia Berlin anajiandaa hata kama anaandika barua nzuri. Anakwambia vita inakuja ukitaka usitake, kilichobaki ni kuamua itukute tumejiandaa au itukute tumelala. Na wewe una watu milioni mia na zaidi nyuma yako. Mwanangu, unaita au unasubiri?

Nikanyamaza. Nyuma huko wakaanza kupiga kelele, subiri, subiri, wengine ita, ita, na mwalimu hakuwanyamazisha. Nilikuwa naitazama ile karatasi natafuta mstari utakaonisaidia na hakuna. Kila nilichokuwa nakijua kutoka kwenye notsi, miungano sijui, mashindano ya silaha, vyote vilikuwa pale vimenizunguka lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa kinaniambia nifanye nini. Nilimtazama Berlin, yule mwenzangu, naye ananitazama, na kwa kweli niliona kwamba ananiogopa mimi kama mimi ninavyomwogopa yeye. Nikasema, naita.

Mwalimu hakusema umekosea wala umepatia. Akaandika tu ubaoni: Urusi yaita jeshi lote. Kuanzia hapo mambo yakaenda kasi hata hakuuliza tena. Tarehe 1 Agosti Berlin anatangaza vita kwangu. Tarehe 3 kwa Paris. Mpango wa vita wa Ujerumani ulikuwa umeshapangwa miaka mingi, ukitaka Ufaransa ipigwe haraka kwa kupitia Ubelgiji, kwa hiyo tarehe 4 jeshi linaingia Ubelgiji, ambayo kutoegemea kwake upande kulikuwa kumewekewa mkataba London tangu 1839, na usiku huo London naye yumo. Sote sita tumesimama pale mbele, na hakuna aliyetaka kurudi kukaa.

Ndipo msichana mmoja wa mkondo mwingine, hakuwa mtu wa kunyoosha mkono kabisa, akasimama kutoka viti vya nyuma akauliza: mwalimu, hapo mbele mbona hakuna aliyesimama kwa niaba yetu?

Mwalimu alikaa kimya kwa muda. Akasema ni kweli, hakuna, kama ambavyo Berlin mwaka 1884 hapakuwa na kiti cha Mwafrika hata kimoja. Halafu akaongeza mstari wake ubaoni kwa mkono, ukatoka nje ya fremu ukaingia ukutani, hakujali. Akaandika 8 Agosti. Siku nne tu baada ya London kuingia vitani manowari ya Uingereza ilikuwa inaipiga Dar es Salaam kwa mizinga, ikilenga mitambo ya redio ya Wajerumani. Akatueleza habari za wapagazi. Waingereza peke yao kwenye vita ya Afrika Mashariki walikusanya wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, wanaume wa kubeba risasi na chakula vichwani kwa sababu njia hazikuwepo na wanyama walikuwa wanakufa kwa ndorobo, na wapagazi zaidi ya 90,000 hawakurudi, wengi wao kwa maradhi na njaa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alikuja kuweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakati Ulaya bunduki zilishanyamaza tangu tarehe 11. Yule msichana akauliza tena, wao waliambiwa wanapigania nini? Mwalimu akasema, wengi hawakuulizwa hata majina yao yaandikwe vizuri.

Mwishoni, kiza kimeshaingia, akatuambia sasa rudini kwenye hoja zenu sita, kila hoja itafutieni siku yake kwenye huu mstari. Tukahangaika nazo. Utaifa tukauweka 28 Juni, kwa Princip. Mashindano ya silaha tukayaweka 30 Julai, kwangu. Miungano ikaenda mwanzo wa Agosti. Kukosekana kwa chombo cha usuluhishi tukakuweka pale London alipoita watu mezani wakakataa. Ubeberu tukakosa mahali pa kuuweka, tukatafuta siku yake hatukuipata, hadi mtu mmoja akasema huu haukai kwenye mstari, ulikuwepo kabla, migogoro ya Morocco ya 1905 na 1911, na baada, kule ukutani. Mwalimu alifurahi mno. Nafikiri ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka kwa sauti.

Sasa na upande wa pili lazima niuseme. Jioni ile ilitakiwa iwe na topiki mbili, ya pili ikiwa Mapinduzi ya Viwanda, na hatukuigusa kabisa, muda uliisha. Na kwenye pepa Mapinduzi ya Viwanda yalikuja. Kuna wenzetu waliokuwa wanaitegemea rivisheni kwa sababu nyumbani hawakuwa na vitabu wala nafasi ya kusoma, na wale walitoka kwenye chumba cha mtihani wakiwa na uchungu ambao hadi leo wengine hawajaumaliza. Walisema mwalimu alituchezesha maigizo wiki ambayo kila dakika ilikuwa na bei, na siwezi kuwabishia nikiwa na moyo mweupe, kwa sababu maisha ya mtu yalikuwa yanaamuliwa na zile karatasi.

Swali la vita nalo lilikuja, eleza sababu. Nikaandika utangulizi, hoja sita, hitimisho, kama tulivyofundishwa, ila kila hoja niliibandika siku yake na mji wake. Msahihishaji aliionaje sijawahi kujua, matokeo huwa yanakuja kama herufi moja tu kwa somo zima.

Yule mwenzangu aliyekuwa Berlin sasa naye ni mwalimu wa historia, tunaongea mara kwa mara, na baada ya hili swali la mtoto nilimpigia simu. Nikamuuliza, wewe rivisheni za vita unazifanyaje? Akaniambia anaanza na hoja, anazimaliza zote, pamoja na topiki zote nyingine, halafu muda ukibaki ndipo anachora mstari na kuita watu sita mbele. Siku hizi anaita saba, wa saba anasimama bila karatasi. Nikamuuliza, muda huwa unabaki? Akasema kuna miaka unabaki. Nikamwambia mimi ningeanza na mstari, hoja zifuate, na topiki moja nikaiacha nikalala usingizi. Akaniambia njoo wewe usimame mbele ya wale watoto uwachagulie topiki ya kuacha. Tukabishana hadi salio likaisha, na nadhani tutaendelea wikiendi.