Kukhu, jeneza la saiprasi, na wazee wa China waliobishania matanga

Mimi ni fundi wa mbao hapa Kisumu, upande wa Kondele. Vitanda na makabati ndio kazi ya kila siku lakini majeneza pia nafanyanga, na mwaka jana mwezi wa nane nilitengeneza la kukhu yangu, mama mzaa baba.

Kikao cha matanga kilikuwa nyumbani Khwisero, tulikaa kutoka asubuhi hadi giza likaingia. Baba mdogo mwenye anaishi Nairobi alikuja na bajeti imeshapigwa: jeneza la mahogani lenye kioo, tenti 6, ng'ombe 2, fulana za picha, mabasi, jumla laki 4 na nusu. Senje, yaani shangazi, akauliza hiyo pesa inatoka wapi na bili ya mochari bado inapanda kila siku na kuna watoto watatu pale pale kwa boma wamefukuzwa shule juu ya fizi. Baba mdogo akasema mila ni mila, mama hazikwi kama mtu asiye na watoto. Hapo sauti zikapanda.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa kwa kona nasikia ni kama hayo maneno nishayasoma mahali. Ndugu yangu mdogo alisoma filosofia chuo, akaacha makaratasi yake kwangu, na jioni nikifunga karakana nilikuwa nayapitia. Watu wakisikia shule za falsafa za China wanadhani ni mambo ya hewani, kumbe hao wazee, kwa ile miaka ya 500 hadi 200 K.K. wakati falme zao zinapigana kila siku, kitu kimoja walichobishania kabisa ni venye mtu anafaa kuzikwa.

Confucius (551–479 K.K.) alishikilia kwamba mzazi anaombolezewa miaka 3. Mwanafunzi wake mmoja, Zai Wo, akamwambia mwalimu, mwaka mmoja si unatosha? Confucius akamuuliza, huo mwaka ukiisha, ukikula wali na kuvaa hariri, moyo wako utatulia? Akasema utatulia. Basi fanya hivyo, mzee akamwambia. Zai Wo alipotoka nje ndio mzee akasema, mtoto hukaa miaka 3 mikononi mwa wazazi kabla aachwe atembee, kwani huyu hakubebwa hiyo miaka?

Hilo swali la moyo kutulia mimi limenikaa sana, juu huwezi kulijibia mtu mwingine.

Lakini pia usidhani Confucius alikuwa mtu wa kupiga sherehe. Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, Yan Hui, alipokufa, babake marehemu alikuja kuomba gari la mzee liuzwe wanunue jeneza la nje, maana huko mtu wa heshima alizikwa kwa majeneza mawili, moja ndani ya lingine. Akakataa. Akasema hata mwanangu mwenyewe nilimzika kwa jeneza moja tu. Na alikuwa anamlilia Yan Hui mpaka watu wakashangaa. Wanafunzi wakataka mazishi makubwa, akawaambia hapana, wakaenda wakafanya hivyo hivyo, kama sisi tu.

Mozi alikuja nyuma kidogo, na huyu ndiye senje wangu kabisa. Alisema pima hayo mazishi makubwa: yanatajirisha maskini? Yanaongeza watu? Yanaleta utulivu kwa nchi? Kama hapana, yaache. Jeneza liwe la mbao yenye unene wa cun 3 (kipimo chao), nguo 3, kaburi lisifike kwa maji chini na lisitoe harufu juu, halafu watu warudi shambani. Hapo kama fundi nilisimama nikatoa tepu, maana cun ya wakati ule ilikuwa kama sentimita 2.3, kwa hivyo hizo 3 ni karibu sentimita 7. Mbao yangu ya inchi 1 nikishapitisha randa inabaki kama sentimita 2. Yaani jeneza la mtu aliyesema tupunguze lilikuwa nene mara 3 ya hili letu. Mencius naye, mtu wa upande wa Confucius, alisema wazee wa kale walitumia cun 7, ambayo ni sentimita 16, hiyo si mbao tena, ni ukuta.

Na kwa wale wa mila ni mila, Mozi aliwajibu kwamba kuna watu kule magharibi wanachoma maiti ya mzazi na moshi ukipanda wanasema amepaa, kwao hiyo ndiyo adabu, kwa hivyo kuzoea kitu hakukifanyi kiwe haki. Mimi hapo nakubaliana naye, na ningesema ile siku kama ningekuwa na umri wa kuongea kwa kikao.

Zhuangzi yeye alikuwa wa njia ya Dao, ile ya kuacha mambo yaende kiasili. Alipokaribia kufa akakataa jeneza, akasema mbingu na dunia zinamtosha. Wanafunzi wakasema tunaogopa kunguru watakukula, akawajibu, juu ya ardhi nitaliwa na kunguru, chini yake nitaliwa na siafu, kwa nini mnyang'anye hawa muwape wale? Kunyamazisha watu anajua, ila siwezi kumpelekea senje hayo maneno akiwa analia.

Kile kilinigusa zaidi ni cha Mencius. Kulikuwa na mfuasi wa Mozi anaitwa Yi Zhi, anahubiri mazishi madogo lakini wazazi wake aliwazika kwa fahari. Mencius akamtumia hadithi: zamani za kale watu hawakuzika, mzazi akifa anatupwa kwa mtaro. Siku moja mtu akapita hapo akakuta mbweha wanamla na nzi wamejaa, jasho likamtoka kwa paji la uso, akageuza macho. Hilo jasho halikuwa la kuonyesha watu. Akarudi nyumbani akachukua kikapu na sepetu.

Mwishowe tulikubaliana tenti 2, ng'ombe 1, fulana hakuna, na jeneza nitengeneze mimi, kwa saiprasi iliyokuwa imekauka kwa karakana tangu Krismasi. Niliranda usiku mbili. Usiku wa pili baba mdogo alikuja Kondele bila kupiga simu, akavua koti, akachukua msasa akaanza kusugua ndani ya sanduku, ile sehemu yote inafunikwaga na kitambaa, na alipofika upande wa kichwa akapitisha kiganja pale muda mrefu, akaniuliza kama bado kuna mahali panakwaruza.