Ba'mdogo Asiyeota

Jumapili usiku

Watoto wa dada yangu wamelala hatimaye, baada ya kubishana nusu saa nani ana haki ya kuota kaendesha lori. Mimi bado nimekaa hapa sebuleni na ile filamu kichwani.

Ni *Slumberland*, ya Netflix, ilitoka 2022, mwongozaji wake Francis Lawrence. Waliichagua wao kwa sababu ya mwigizaji Jason Momoa. Wanamjua kama Aquaman, na humu kavalishwa pembe kichwani na koti la kijambazi, anaitwa Flip, mwizi wa ndotoni mwenye maneno mengi. Mama naye alikuja kukaa nasi, kasema anakuja kunyoosha miguu tu, halafu hakuinuka mpaka mwisho. Mimi nikawa mkalimani.

Kisa chenyewe ni hiki. Nemo, binti wa miaka 11, anaishi na babake kwenye mnara wa taa, wao wawili na bahari. Usiku mmoja baba anatoka na boti kwenye dhoruba, harudi. Mtoto anapelekwa mjini kwa ndugu wa babake, Philip, ambaye hajazoeana naye hata kidogo. Philip anauza vitasa vya milango. Nyumba yake safi kama duka la dawa, na yeye mwenyewe anamwangalia yule mtoto kama mtu aliyeletewa mzigo si wake.

“Huyo si ba'mdogo wake?” Mama akauliza.
“Ndiye.”
“Sasa anaogopa nini? Si mwanawe huyo!”

Nilikosa la kumjibu, na filamu nzima kwangu ikageukia hapo. Watoto walikuwa na Flip. Mimi na Mama tukabaki na muuza vitasa.

Nemo akilala, kitanda kinaota miguu na kutembea naye. Mwanasesere wake nguruwe anapata uhai. (Mama aliguna hapo, nguruwe tena, lakini akanyamaza.) Anakutana na Flip, na Flip anatafuta ramani ya kupenya kutoka ndoto ya mtu mmoja kwenda ya mwingine, hadi Bahari ya Majinamizi, ambako kuna lulu za kutimiza matakwa. Nemo anataka jambo moja tu, kumwona babake. Basi anautafuta usingizi kwa bidii ambayo watoto wengine huitumia kuukwepa. Njiani wanapita kwenye ndoto za watu wasiowajua: mtoto anayeendesha lori kubwa katikati ya jiji la vioo, mwanamke anayecheza dansi ukumbini na mtu aliyefanyika kwa vipepeo. Hao vipepeo walinipata. Ni ndoto ya mtu mzima kabisa, haina mchezo wa kitoto ndani yake, na filamu inaipita kwa dakika chache kana kwamba haijui imeshika nini.

Kuna pia askari wa ndoto, Ajenti Green, anayemfukuza Flip kwa niaba ya idara maalumu. Yaani hata usingizini kuna ofisi na mafaili, na bila shaka mtu wa kukwambia njoo kesho. Watoto hawakucheka, ila sisi wakubwa tulicheka mno.

Wazo hili lote ni la zamani. Mchoraji Mmarekani Winsor McCay alianza kumchora Nemo tarehe 15 Oktoba 1905 katika gazeti la New York Herald, ukurasa mzima wa rangi kila Jumapili. Nemo wa kwanza alikuwa mvulana. Kila Jumapili anasafiri kwenye maajabu, na kila Jumapili picha ya mwisho, ndogo, kwenye kona, inamwonyesha kaamka, mara nyingi kaanguka kutoka kitandani na shuka zimemsokota. Kile kitanda chenye miguu mirefu kinachokanyaga juu ya mapaa ya nyumba ni cha McCay, alikichora 1908. Nilizitafuta kurasa hizo mtandaoni nikawaonyesha watoto, wakazipenda kuliko nilivyotarajia.

Sikuwaonyesha zote. Miongoni mwa wenzake Nemo alikuwapo mmoja aliyeitwa Imp, Mwafrika wa kuchorwa kwa dhihaka, sketi ya majani, midomo ya kutiliwa chumvi, maneno yake hayaeleweki. Ndivyo magazeti ya kule yalivyotuchora zama hizo. Mtu aliyeweza kuwaza kitanda kinachotembea hakuweza kumwaza Mwafrika anayezungumza. Filamu imemwacha kabisa, na imefanya vyema.

Aliye na nia ya kuitazama airuke aya hii. Flip na Philip ni mtu mmoja. Philip aliacha kuota, na Flip, yule wa ndotoni, akabaki amenaswa kule ndani hadi akasahau ni nani anayemwota. Watoto waliruka walipogundua. Mama alitikisa kichwa tu: “Nilijua. Mtu hauzi vitasa hivi hivi.” Bado sijaelewa alimaanisha nini, lakini nadhani ana haki.

Jinamizi lenyewe ni moshi mweusi wenye minyiri kama ya pweza, linawafuata kila ndoto. Mdogo alijificha mgongoni kwa bibi yake. Bibi akamwambia kama anavyotuambia sisi tangu tukiwa wadogo: ukiota vibaya tema mate kushoto mara tatu, geukia ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Mtoto akauliza kwa nini Nemo hafanyi hivyo. Nikasema hakufundishwa.

Ila kwa Nemo tatizo si ndoto mbaya. Ni nzuri, ndiyo maana haachi. Mama humwota marehemu baba mara kwa mara. Safari ya mwisho alimjia kakaa barazani anadai kahawa, analalamika imechelewa. Asubuhi Mama alichemsha kahawa ya tangawizi birika zima, akakaanga vitumbua, akawapelekea watoto wa chuoni. Mchana alikuwa anapangua kabati la vyombo na kugombana na muuza samaki. Marehemu alikuja, kakirimiwa, basi. Hakuna aliyemfuata.

Nemo hana wa kumwambia hayo, kwa hiyo anafuata, hadi karibu asirudi. Hapo ndipo filamu inaposimama imara. Mkutano wake na babake hawakuurefusha kwa machozi ya nguvu, na mtoto anarudi kwa ba'mdogo ambaye sasa angalau anamtazama usoni. Ningekuwa mhariri, ningekata nusu ya mbio za katikati na kumwongezea Philip dakika 10. Chris O'Dowd anamwigiza kwa mabega yaliyoshuka na sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwapo, na sijui kwa nini bango la filamu halina nafasi ya mtu kama huyo.

Mama kabla ya kwenda kulala aliuliza kama ba'mdogo aliendelea kuuza vitasa. Nikamwambia sikumbuki. Akasema aendelee, mtoto atahitaji karo.